Shajara ya nyanya za zamani: kuchagua mbegu za msimu wa baridi hapa Tengeru

Machi, mvua za kwanza

Mwaka huu kipande chote cha nyuma ya nyumba nakipa nyanya, na zote ziwe za mbegu zinazorudishwa: unakula tunda, unatunza mbegu, mwakani unapanda na kupata nyanya ile ile. Mbegu chotara sizikatai. Anayepeleka matenga soko la Kilombero mjini Arusha au Dar es Salaam ana sababu nzuri ya kuzinunua. Zinaiva kwa pamoja, matunda yanalingana, na nyingi zimetiwa kinga ya magonjwa ambayo mbegu za zamani hazina. Lakini mbegu ya tunda la chotara ukiipanda inatawanyika, huyu amfuata baba, yule amfuata mama, mwingine hamfuati yeyote. Na mimi silimii tenga, nalimia sufuria. Nimechoka na nyanya ambayo ukiikata inamwaga maji tu, ukiikaanga ganda linajikunja na kuelea kwenye mchuzi.

Kabla ya kununua chochote nimeandika ninachokitaka. Ladha ndiyo ya kwanza, na haina mjadala. Pili, mmea uweze kuvuka Juni na Julai hapa Tengeru, maana tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari chini ya Mlima Meru, na miezi hiyo ukungu unashuka asubuhi na manyunyu yanakaa hadi saa nne. Tatu, kila aina iwe na kazi yake jikoni. Sina nafasi ya kulima aina mbili zinazofanya kazi moja.

Kuhusu ladha kuna jambo linalonisaidia kuchagua kwa macho kabla hata tunda halijaiva. Nyanya nyingi za zamani, tunda likiwa bichi, huwa na mabega ya kijani kilichokolea karibu na kikonyo, na sehemu ya chini ni ya kijani hafifu. Tangu miaka ya 1930 wazalishaji wa mbegu walianza kupenda mimea ambayo tunda lake bichi lina rangi moja kotekote, kwa sababu ni rahisi kwa mchumaji kujua lipi limekaribia kuiva, na likiiva linapendeza sokoni. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kilichopotea hapo: jeni iliyozimwa ili kupata rangi moja ndiyo inayojenga chembe za kijani ndani ya tunda, na chembe hizo hutengeneza sehemu ya sukari ya tunda lenyewe. Ukizima mabega ya kijani, umepunguza utamu. Kwa hiyo mwaka huu nitakagua mabega ya matunda mabichi kwa bidii kuliko nitakavyokagua wekundu wa yaliyoiva.

Machi, duka la pembejeo

Watu wanaposikia nyanya za zamani wanafikiria pakiti zenye picha nzuri kutoka Ulaya na Marekani. Mimi nimekwenda duka la pembejeo, nikauliza mbegu za kopo.

Kijana wa dukani akanishangaa. "Mama, hizo siku hizi watu hawachukui. Nikupe chotara, utanishukuru."

Nikamwambia naomba anionyeshe tu alizonazo. Akapanda kwenye kigoda, akashusha makopo kutoka rafu ya juu kabisa, akayafuta vumbi kwa kiganja: Marglobe, Moneymaker, Roma VF, Cal J, Tanya. Nikayasoma tarehe moja moja. Mbegu ya nyanya ikitunzwa pakavu na pasipo joto huota vizuri hata baada ya miaka minne, lakini kopo lililokaa chini ya bati la duka ni habari nyingine, na tarehe ya kupakiwa ndiyo ushahidi pekee nilio nao.

Sasa, hiyo Marglobe. Ilitolewa mwaka 1925 na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Aliyeizalisha ni Frederick Pritchard, kwa kuchanganya aina mbili zilizoitwa Marvel na Globe, akilenga nyanya inayovumilia mnyauko fusari, ugonjwa wa kuvu wa udongoni uliokuwa ukiwamaliza wakulima wa Florida. Akaifanikisha, na wakulima wakarudi shambani. Baadaye Marglobe ikawa mzazi wa Rutgers ya mwaka 1934, ambayo kwa miongo mingi ilitawala bustani na viwanda vya supu kule Marekani. Wapenzi wa nyanya za zamani huko nje huhesabu aina yoyote yenye miaka zaidi ya 50 na inayorudishwa kuwa ya urithi. Marglobe imefikisha miaka 100, na imo kwenye rafu ya juu ya duka la Tengeru, kwa bei ambayo mtu anaweza kuitoa bila kufikiri. Moneymaker nayo ni ya Uingereza, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Roma ni ya 1955, na hizo herufi VF za toleo lililokuja baadaye zinataja kinga dhidi ya aina mbili za mnyauko, vetisili na fusari.

Hili linanigusa sana. Bibi zetu na mama zetu walipanda Marglobe na Moneymaker, na mashina yale yaliyofungwa kwa majani makavu ya migomba ndiyo nyanya tuliyokulia. Tumeziacha kwa sababu ni za bei rahisi na haziitwi kwa jina la kisasa, huku wenzetu wakizitafuta kwa gharama.

Cal J nimeirudisha. Ni fupi, ya kusindika, kazi yake ni ile ile ya Roma, na Roma naifahamu zaidi.

Tanya nayo nimeiacha, ila nimechukua ndugu yake Tengeru 97. Hizi mbili si za zamani kwa kipimo cha miaka 50, zilitolewa mwaka 1997, lakini zinarudishwa, na zilichujwa hapa hapa kwenye udongo huu. Tengeru 97 inavumilia minyoo fundo, wale wadogo wanaovimbisha mizizi, ina ganda gumu na inakaa muda mrefu baada ya kuchumwa. Nataka mstari wake mmoja uwe kipimo: kama nyanya ya miaka 100 haiwezi kusimama kando ya nyanya ya nyumbani, nijue mapema.

Aprili

Binamu yangu aliyeko Marekani amenipigia, anakuja likizo mwezi wa tano. "Dada, nikuletee Brandywine na Cherokee Purple? Hizi ndizo zenyewe."

Najua sifa zake. Cherokee Purple, ya zambarau iliyofifia, ilipata jina mwaka 1990 kwa Craig LeHoullier, aliyetumiwa mbegu na mtu wa Tennessee aliyeeleza kuwa chimbuko lake ni Wacherokee. Iko pia ile iitwayo Mortgage Lifter, ya fundi wa redieta wa West Virginia, M. C. Byles, aliyechanganya nyanya kubwa kubwa hadi akapata yake, akauza mche mmoja dola moja na kulipa mkopo wa nyumba wa dola 6,000. Hadithi hizi nazipenda kwa moyo wote, kwa sababu kila moja ni ya mtu wa kawaida aliyechagua tunda bora nyuma ya nyumba yake na kulitunza.

Lakini nimemwambia asilete. Mbegu haiingii nchini ndani ya sanduku la nguo. Inataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na kwetu anayesimamia ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake yako hapa Arusha, Ngaramtoni. Hii si karatasi ya kusumbua watu. Kuna virusi na bakteria wa nyanya wanaosafiri juu ya ganda la mbegu, na mkoa huu unajua maana ya mgeni. Kantangaze iliingia Tanzania mwaka 2014, ikaonekana kwanza hapa hapa Arusha, na leo hakuna mkulima wa nyanya asiyeijua: nondo mdogo wa kijivu, kiwavi anayechimba ndani ya jani hadi linabaki kama karatasi iliyoungua. Halafu Brandywine ni mmea wa msimu mrefu, matunda machache, hauna kinga ya bakajani, ugonjwa wa ukungu unaobabua majani. Ingekufa Julai.

Pasaka tulikwenda Machame kwa mama mkwe. Nyuma ya zizi, katikati ya migomba, kuna vinyanya vinavyojiotea, vidogo kama gololi, vimeshikana kwenye vishada virefu. Nikamuuliza mbegu alizitoa wapi.

"Hatukuwahi kuvipanda, mwanangu. Nimeolewa nikavikuta. Ndege wanakula, wanavipeleka wanakotaka. Vichume, watoto hawavitaki siku hizi."

Nikamwambia ahsante mama, nitavichukua vyote vilivyoiva. Matunda mabichi yana mabega ya kijani kibichi haswa, hayafichiki. Hakuna aliyewahi kupulizia dawa pale, hakuna aliyemwagilia, na vimeendelea kuwepo. Kati ya vyote nitakavyopanda mwaka huu, hii ndiyo mbegu ambayo haiko dukani na ikipotea haitarudi.

Mei, kitalu

Kwanza nimejaribu uotaji. Mbegu kumi za kila aina juu ya kitambaa chenye unyevu, ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati la jikoni penye joto. Marglobe na Roma zimeota karibu zote. Moneymaker imeota nusu, hivyo naisia nzito. Gramu moja ya mbegu ya nyanya ina kama mbegu 300, kwa hiyo hata kopo la nusu linabaki na akiba ya kutosha.

Trei zina mchanganyiko wa udongo wa msitu, mboji iliyoiva na mchanga kidogo. Juu nimefunika kwa neti yenye matundu madogo, kwa ajili ya inzi weupe. Hapa sifanyi mzaha. Inzi weupe ndio wanaobeba virusi vya rasta, na mche ukipata rasta ukiwa kitaluni, majani yanajikunja, yanageuka njano pembeni, mmea unadumaa na hauzai. Chotara nyingi za leo zina kinga ya rasta. Za kwangu hazina hata moja, isipokuwa labda vinyanya, na hilo nitaliona. Anayechagua mbegu za zamani anachagua na kazi ya neti.

Juni, kuhamisha

Miche imefika urefu wa penseli, shina limekuwa nene na lina zambarau kidogo chini. Nimehamisha jioni, jua limeshuka. Sentimita 60 kati ya mche na mche, 90 kati ya mistari, maana aina ndefu zinahitaji hewa. Kila shimo samadi iliyooza vizuri, mche umezikwa hadi karibu na majani ya kwanza kwa sababu shina la nyanya linatoa mizizi popote linapogusa udongo.

Mwaka jana kipande hiki kilikuwa na mahindi na maharage. Bilinganya, nyanya chungu, pilipili na viazi mviringo havijakanyaga hapa kwa miaka kadhaa, kwa makusudi, ili mnyauko bakteria usipate pa kukaa.

Marglobe na Moneymaker nimezisimikia miti na kamba. Roma ni fupi, zinajishikilia, nimeziwekea matandazo tu matunda yasiguse udongo. Vinyanya vya Machame nimevipa ukuta mzima wa mwisho, maana sijui vitaishia wapi.

Julai, ukungu

Huu ndio mwezi unaochagua kuliko mimi.

Wiki ya pili imekuwa ya manyunyu mfululizo, jua halijaonekana hadi mchana. Bakajani chelewa imefika. Inaanza na doa la kijani lililolowa maji kwenye ncha ya jani, kesho yake ni kahawia, na ukigeuza jani asubuhi na mapema kabla umande haujakauka unaona ukungu mweupe mwembamba pembezoni mwa doa. Hapo ndipo pa kuangalia, upande wa chini, kwa sababu ukisubiri hadi doa lionekane kutoka njiani, vimelea vimeshapanda upepo kwenda mstari wa pili.

Nimekata majani yote ya chini kwenye Marglobe na Moneymaker hadi kishada cha kwanza, nimeyatoa nje ya bustani na kuyafukia. Nimepulizia dawa ya ukungu yenye kopa, yaani shaba, jua lilipochungulia. Kumwagilia ni kwenye shina tu, asubuhi. Hakuna kati ya hizi za kopo inayostahimili bakajani chelewa, na nilijua hilo tangu Machi. Ninachotafuta sasa ni tofauti ndogo kati ya mmea na mmea wa aina moja, na hiyo ipo.

Moneymaker ndiyo imeumia kuliko zote. Majani yake ni mengi, mepesi, yanashika maji. Mimea kadhaa nimeing'oa. Watafiti hupenda kuitumia Moneymaker kama mfano wa mmea usio na kinga wanapopima magonjwa, na kwenye mstari wangu inaonyesha kwa nini.

Marglobe imegawanyika. Upande wa mashariki kuna mimea ambayo doa linaingia jani moja na kukomea hapo, na kuna mingine, nafasi ile ile, dawa ile ile, imepoteza nusu ya majani. Nimefunga utepe wa kanga nyekundu kwenye mashina matatu yaliyosimama vizuri zaidi. Sijaamua lolote bado, nataka tu nisiyasahau.

Roma iko katikati. Tengeru 97 iko katikati vilevile, nilitarajia ingefanya vizuri zaidi ya hapo, ila nguvu yake ni ya mizizi, si ya majani.

Vinyanya vya Machame vina madoa. Lakini vinakua kwa kasi kuliko ugonjwa unavyokula. Jani moja likifa, chipukizi mawili yameshatoka. Jirani yangu, mzee aliyelima nyanya Ngarenanyuki kwa miaka mingi, alipita akasimama pale ukutani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hivi umeviokota wapi? Sisi tulikuwa tunavila tukichunga ng'ombe."

Akachungulia upande wa chini wa majani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniomba mbegu.

Mche mmoja wa Roma ulinyauka ghafla mchana, majani bado ya kijani. Nikakata kipande cha shina karibu na udongo, nikakitumbukiza kwenye glasi ya maji safi na kukishikilia wima bila kukitikisa. Kama ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache unaona uzi mweupe wa maziwa ukishuka kutoka kwenye kata. Maji yamebaki safi, bila uzi wowote. Nikachimba mzizi, nikakuta umekatwa na sota, kiwavi wa udongoni. Nimeshukuru, na nimezungushia majivu miche ya jirani yake.

Agosti

Jua limerudi. Maua yamejaa, na sasa ni kulinda ukoo.

Ua la nyanya linajichavusha lenyewe. Vyavulio vyake vya njano vimeungana kuwa koni, na stigma, ile ncha inayopokea chavua, imekaa ndani ya koni hiyo, kwa hiyo chavua inamwagika nyumbani. Ndiyo maana mkulima mdogo anaweza kutunza aina kadhaa kwenye bustani moja na mbegu ikabaki safi kwa sehemu kubwa. Lakini kuna nyuki wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Wanalikumbatia ua, wanatetemesha misuli ya mabawa kwa mngurumo unaousikia ukiwa mstari wa pili, na chavua inatoka kama unga. Wakitoka hapo wanakwenda ua jingine. Na kwenye vinyanya vya Machame nimeona stigma imechomoza nje ya koni, kidogo tu, lakini inatosha kupokea chavua ya mgeni.

Kwa hiyo vishada ninavyokusudia kuvitolea mbegu nimevivika vifuko vya chandarua kikuukuu, nikavifunga kwa uzi kabla maua hayajafunguka. Kila asubuhi nakipiga kishada kwa kidole mara mbili tatu ili chavua ianguke. Matunda yakishaingia ukubwa wa punje ya njegere natoa kifuko na kuacha uzi kama alama.

Mimea miwili ya Marglobe inazaa matunda marefu kama yai. Marglobe ni ya duara. Hii ndiyo shida ya mbegu za zamani za kopo: kwa kuwa hazina soko kubwa, hakuna anayezichuja kwa makini kila kizazi, na wageni wanaingia kidogo kidogo. Mimea hiyo miwili nitaila, sitaitolea mbegu. Nimekagua majirani zake pia na kuwaondoa kwenye hesabu. Mabega ya matunda mabichi kwenye mashina yenye utepe mwekundu yamekolea vizuri kwenye mawili, la tatu ni hafifu. Nimeliondolea utepe.

Septemba, kuonja

Nyanya zimeiva na nyumba nzima inashiriki. Nimezikata vipande, nikaweka kwenye sahani bila majina, chumvi pembeni. Watoto, mume wangu, dada yangu aliyekuja kutoka Moshi. Nyanya zote zilichumwa asubuhi ile ile na hazikupita kwenye friji, kwa sababu baridi ya friji inaua harufu ya nyanya na harufu ndiyo nusu ya ladha.

Zikiwa mbichi, vinyanya vya Machame vimeshinda bila ubishi. Ganda linapasuka mdomoni, kwanza uchachu mkali, halafu utamu unaokaa. Mtoto wangu wa mwisho alirudi kwenye sahani ile akaimaliza. Marglobe ya pili: nyama nyingi, ute wa kutosha, uchachu na utamu vimelingana, na ina harufu ile ya jani la nyanya ukilisugua. Moneymaker ni nzuri, laini, ganda jembamba, lakini ni ya upole. Ukiila peke yake unaifurahia, ukiila baada ya Marglobe unauliza chumvi. Tengeru 97 ni ngumu, tamu kiasi. Roma mbichi haina jambo.

Kwenye kachumbari Marglobe inatawala. Inakatika bila kusagika, inashika ndimu na kitunguu, na hata ikikaa nusu saa bakuli halijai maji.

Jikoni ndipo Roma ilipojibu. Nimekuna kiasi sawa cha kila aina kwa kikunio, nikakaanga na kitunguu kile kile kwenye sufuria zinazofanana. Rojo la Roma lilikauka na mafuta yakajitenga juu wakati Moneymaker bado inachemka kwa maji. Rangi yake ni nyekundu iliyoiva, na ganda halikuelea. Marglobe ilichukua muda zaidi, lakini ladha ya rojo lake ilikuwa pana. Nimezichanganya mara ya pili, Roma mbili kwa Marglobe moja, kwa ajili ya maharage ya nazi, na hicho ndicho kipimo nitakachokishika.

Vinyanya sikuvikuna. Nimevitupia vizima kwenye dagaa wa Mwanza waliokaangwa na kitunguu, nikafunika. Vimepasuka vyenyewe. Uchachu wake unafanya kazi ya ndimu, na dada yangu amesema hajala dagaa hivyo tangu bibi yetu alipofariki.

Tengeru 97 nimeziacha kwenye ungo jikoni. Marglobe zilipokuwa zimeshalainika, hizi zilikuwa bado imara. Hilo lina maana kwa mtu anayetaka kupeleka ziada sokoni Jumamosi, na nitalikumbuka.

Oktoba, mbegu

Nimechagua wazazi, na nimewachagua kwa mmea mzima. Tunda moja kubwa kwenye shina lililokufa nusu halinisaidii kitu. Nimechukua matunda ya kishada cha pili na cha tatu, yenye uzi, kutoka mashina mawili ya Marglobe yaliyobaki na utepe, kutoka Roma nne zilizozaa sawasawa, na kutoka vinyanya vingi kadiri nilivyoweza, ili nisiubane ukoo wake.

Mbegu na ute wake zimeingia kwenye glasi na maji kidogo, zimefunikwa kwa kitambaa, kivulini. Siku ya pili utando mweupe ukatanda juu na harufu ikawa kali, siku ya tatu ute umeachia. Ute huo ndio unaozuia mbegu kuota ikiwa bado ndani ya tunda, na kuchacha huku kunasafisha pia baadhi ya bakteria wanaong'ang'ania ganda la mbegu. Nikaongeza maji, nikakoroga: mbegu nzima zikazama, mapepe yakaelea na kumwagwa. Nimezisuuza kwenye chujio la chai, nikazianika juu ya sahani ya udongo, kivulini penye upepo. Karatasi sitaki, zinagandia. Jua kali pia hapana.

Zilipokauka hadi zikawa na vinyweleo vya kijivu na kupukutika zenyewe kidoleni, zimeingia kwenye bahasha ndogo, kila bahasha jina, mwezi, mwaka, shina na jambo moja lililonifanya nilichague. Bahasha zote ndani ya chupa ya kahawa yenye kifuniko, na mkaa mkavu kidogo uliofungwa kwenye kitambaa wa kunyonya unyevu.

Maamuzi ya msimu ujao ni haya. Marglobe inabaki, na ndiyo nyanya kuu ya nyumba hii. Roma VF inabaki kwa ajili ya rojo. Vinyanya vya Machame vinabaki daima, na mbegu zake zimeshakwenda kwa mzee jirani na kwa dada yangu Moshi, ili visikae mahali pamoja tu. Moneymaker naipumzisha. Kwa mtu wa Lushoto au wa hapa mwenye nyumba ya kioo au nailoni inayozuia manyunyu, bado ningemwambia aijaribu, lakini nje, Julai, chini ya Meru, hapana. Tengeru 97 itapata mstari mmoja tena, kwa ajili ya ziada ya sokoni.

Mbegu za mashina mawili ya utepe mwekundu nitazisia Mei kwenye trei mbili tofauti, kila shina na trei yake, na nitazipanda mistari miwili iliyotenganishwa na mahindi. Kama mstari mmoja utavuka Julai na majani zaidi ya mwenzake, mbegu ya mwaka unaofuata itatoka huko peke yake.